Nani Abebe Shaka?

Msomaji, liko swali la haki ambalo halijapata kukosa watu wa kulijibu, wala halijapata jibu lililowaridhisha wote. Kitu kipya kinapoingia kazini, na hapana mtu awezaye kuapa kwamba kina madhara wala kuapa kwamba hakina, shaka hiyo ni mzigo wa nani? Je, aibebe mwenye mali ambaye anatazamia faida, au aibebe mfanyakazi ambaye kitu hicho kitaingia kifuani mwake? Watu wengi hudhani kuwa shaka haina uzito kwa sababu haionekani. Mimi naona kuwa ni mzigo mzito kama gunia la chumvi mbichi, na kwamba watu wasipokubaliana nani aubebe, huwa wamekwisha kumtwika aliye mnyonge.

Tuanzie mahali ambapo vumbi linajulikana sana. Buna ni mji mdogo katika Kaunti ya Wajir, kwenye njia itokayo Wajir kwenda Moyale. Wenyeji wengi wa pande hizo ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Lori moja likipita wakati wa kiangazi, barabara huinuka nyuma yake kama moshi. Mtu hufunika pua kwa ncha ya shuka, akangoja kidogo, kisha akaendelea na safari yake. Vumbi hilo lina adabu yake: huonekana, hukoholewa, hutemwa. Pua ina vinyweleo na koo lina ute kwa ajili ya kulizuia, na mwili wa binadamu umezoeana nalo tangu zamani za kale.

Wafugaji hao wanayo desturi ambayo yafaa kuitazama kwa makini kabla ya kuingia viwandani. Kabla ya kuhama, hawaswagi mifugo yote kuelekea nchi wasiyoijua. Hutuma watu wawili watatu watangulie kutazama majani, maji, kupe, magonjwa na majirani. Wasomali huiita kazi hiyo sahan. Mtangulizi huingia katika hatari, hilo halina ubishi, maana yeye ndiye wa kwanza kukanyaga mahali ambapo pengine pana adui au kisima kilichokauka. Walakini hapana mtu anayesema kuwa amedhulumiwa. Kwa nini? Kwa sababu anajua kuwa ametumwa, na anajua ametumwa kutazama nini. Hupewa maziwa na mnyama wa kupanda. Tena huko nyuma watu wanamngoja: akichelewa atatafutwa, na akirudi wazee wataketi kumsikiliza kabla ya hatua moja kupigwa. Hatari yake ni ya watu wote, ijapokuwa miguu ni yake peke yake.

Kumbuka habari za mtangulizi huyo, kwa maana tutamhitaji tena.

Sasa fikiri juu ya vumbi la namna nyingine, ambalo halikufanywa na upepo wala na kwato za mifugo. Wataalamu wa siku hizi wanaweza kutengeneza chembe ndogo mno zinazopimwa kwa nanomita. Gawanya milimita moja katika sehemu milioni moja zilizo sawa, na kila sehemu ni nanomita moja. Unene wa unywele wa mtu ni kama nanomita 80,000 hadi 100,000. Chembe za nano ni zile ambazo walau upande wake mmoja una kipimo cha kati ya nanomita 1 na 100. Chembe za kipimo hicho zikielea hewani ndani ya kiwanda, jicho halizioni, na shuka iliyofunika pua haizizuii.

Udogo huu si jambo la kipimo tu. Mama apikaye nyirinyiri hukata nyama vipande vidogo vidogo, kwa sababu anajua kuwa kadiri kipande kilivyo kidogo ndivyo mafuta yanavyokipata pande zote upesi. Chukua mchemraba wenye sentimita moja kila upande. Eneo lake la nje ni sentimita 6 za mraba. Ungeweza kuukata mpaka kila kipande kiwe na upande wa nanomita moja, uzito usingeongezeka hata kidogo, lakini eneo la nje la vipande vyote pamoja lingekuwa mita 6,000 za mraba, karibu uwanja mzima wa mpira. Eneo hilo lote laweza kugusana na mwili. Ndiyo maana kitu kilichojulikana kwa upole wake kinaweza kugeuka tabia kikifanywa kidogo kiasi hicho. Dhahabu, ambayo kila bibi arusi anaijua kwa umanjano wake, ikisagwa mpaka kipimo cha nano na kuchanganywa na maji huweza kuonekana nyekundu. Ikiwa rangi ya dhahabu yaweza kubadilika, ni nani atakayesema kuwa mengine yote hubaki vile vile?

Nisije nikaeleweka vibaya. Sizilaumu chembe hizi, na mtu anayezikataa zote hajui kuwa anazitumia. Weusi wa gurudumu la lori lile lililopita Buna unatokana na masizi maalumu ya viwandani ambayo chembe zake za mwanzo ni za kipimo cha nano, nayo ndiyo yanayoufanya mpira ustahimili mawe ya barabara. Ukiligusa gurudumu hupati dhara, kwa kuwa masizi yamefungwa ndani ya mpira. Aliye karibu na hatari ni yule aliyefungua gunia la masizi akayamimina katika mashine, na yule aliyefagia sakafu jioni. Huu ndio mpangilio wa mambo karibu kila mahali: mnunuzi hupata kitu kikiwa kimetulia, na mfanyakazi hukipata kikiwa bado kinaruka.

Pwani ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale, mchanga wenye madini ya titani ulichimbwa kuanzia mwaka 2013 mpaka Desemba 2024, na madini hayo yakasafirishwa ng'ambo. Madini ya namna hiyo ndiyo yanayotumiwa kutengeneza unga mweupe unaotiwa katika rangi za kuta. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani ilitoa ushauri juu ya unga huo mwaka 2011. Ilisema kuwa ukiwa wa chembe laini za kawaida, usizidi miligramu 2.4 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa anayovuta mfanyakazi. Ukiwa wa chembe za nano, usizidi miligramu 0.3. Kitu ni kile kile, na jina ni lile lile juu ya gunia, walakini ukali wa ushauri umezidi mara nane kwa sababu ya udogo peke yake. Basi mfanyakazi anayesoma jina la unga bila ya kuambiwa ukubwa wa chembe zake hajaambiwa neno lililo muhimu.

Labda utasema: haya ni mambo mapya, tuwape wataalamu muda, na madhara yakithibitika tutachukua hatua. Maneno haya yana sura ya busara. Lakini yamepata kusemwa zamani, na tunajua yalikowafikisha watu.

Asbesto ni jiwe lenye nyuzi zinazoweza kusokotwa kama pamba, na haliungui. Ulimwengu ulilipenda sana. Lilitumika katika mapaa, katika mabomba, katika breki za magari na katika nguo za wazima moto. Mwaka 1898 mwanamke mmoja wa Uingereza, Lucy Deane, aliyekuwa mkaguzi wa viwanda, aliandika katika taarifa ya serikali kwamba vumbi la asbesto linadhuru wafanyakazi, na kwamba chembe zake zilipotazamwa kwa hadubini zilionekana kali na zenye ncha kama vigae vya kioo. Taarifa ilichapishwa. Kazi ikaendelea. Mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw wa mji wa Rochdale, akiwa na umri wa miaka 33, baada ya kusokota asbesto tangu utoto wake. Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake akakuta chembe za jiwe hilo ndani yake. Mwajiri alikataa kulipa fidia, kwa hoja kwamba ugonjwa huo haukuwa katika orodha ya magonjwa yanayolipiwa. Mwaka 1930 wachunguzi wa serikali waliwapima wafanyakazi 363 wa asbesto wakakuta zaidi ya robo yao mapafu yamekakamaa. Kanuni za kwanza za kupunguza vumbi hilo zilitungwa mwaka 1931. Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya kila aina mwaka 1999, yaani miaka 101 baada ya taarifa ya Lucy Deane. Kenya iliihesabu kuwa taka ya hatari katika kanuni zake za mwaka 2006, na mapaa yake yangalipo katika baadhi ya majengo ya zamani.

Katika miaka hiyo mia moja na mmoja, shaka haikukosa mtu wa kuibeba. Ilibebwa kila siku, kuanzia king'ora cha asubuhi mpaka cha jioni, na wanawake na wanaume waliosokota nyuzi zile. Wenye viwanda walichukua faida, wafanyakazi wakachukua shaka. Hapana mkutano uliokaa ukaamua hivyo. Iliamuliwa kwa kunyamaza. Tena ugonjwa wa asbesto huweza kuchelewa miaka 20, 30 au 40 kabla ya kujionyesha. Mtu akisema tungoje mpaka ithibitike, maana yake ni kwamba lazima kizazi kizima cha wafanyakazi kiugue kwanza, ili magonjwa yao yawe ushahidi. Yapasa tuulize kama kuna mtu aliyewaomba ruhusa ya kuwa ushahidi.

Miongoni mwa vitu vipya vya kipimo cha nano imo mirija ya kaboni, myembamba mno na yenye nguvu kuliko chuma cha pua. Mwaka 2008 wanasayansi wa Edinburgh walitangaza kuwa mirija mirefu ya namna hiyo, ilipotiwa katika miili ya panya, ilileta uvimbe unaofanana na ule wa asbesto. Mwaka 2013 taasisi ile ile ya Marekani ilishauri kuwa mirija hiyo isizidi maikrogramu 1 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kiasi ambacho mizani ya sonara haiwezi kukigusa. Mwaka uliofuata, wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani waliiweka aina moja ya mirija hiyo katika kundi la vitu vinavyoweza kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Panya si mtu, na mtu mwenye haki hatasema kuwa jambo limekwisha kuthibitika. Lakini Shirika la Afya Duniani halikungoja. Mwaka 2017 lilitoa mwongozo wa kuwalinda wafanyakazi, uliosimama juu ya neno moja: pale ambapo madhara hayajajulikana, punguza kuvutwa kwa chembe hizo kadiri iwezekanavyo, mpaka ijulikane.

Hapa hoja mbili zinasimama mbele yetu, na si haki kuzipita kama mtu apitaye karibu na mbwa aliyelala.

Ya kwanza ni ya njaa. Si mbali sana na Buna, katika Kaunti ya Marsabit, liko eneo la Dabel, na huko Hillo vijana wengi walimiminika kuchimba dhahabu. Serikali iliyafunga machimbo hayo Machi 2024 baada ya ghasia zilizoua watu. Mwezi wa Mei mwaka ule ule kuta za shimo ziliporomoka, watu watano wakafariki, ingawa mahali palikuwa pamekwisha kufungwa. Kijana ashukaye katika shimo lililopigwa marufuku anajua kuwa laweza kumfunika. Basi atayaogopaje mavumbi ya mawe, au chembe ambazo hata hazionekani? Atakwambia: "Vumbi labda litaniua baada ya miaka thelathini, lakini njaa itaniua mwezi ujao." Hesabu yake ni sahihi, na anayemcheka hajapata kulala bila kula.

Lakini tazama ni nini kinachofuata kutoka katika hesabu hiyo. Wako waajiri wanaosema kuwa mfanyakazi amekubali mwenyewe, kwa hiyo hana lawama juu yao. Ridhaa ni kitu kitukufu. Ridhaa ya mtangulizi wa malisho ni ya kweli, kwa kuwa ameambiwa yote yanayojulikana na angeweza kukataa akabaki na heshima yake. Ridhaa ya mtu aliyeambiwa nusu, na ambaye akikataa watoto wake hawali, ni kivuli cha ridhaa. Tena njaa ya mfanyakazi humpunguzia yeye uwezo wa kuchagua; haimpunguzii mwajiri wajibu wake hata chembe. Iweje udhaifu wa mmoja uwe msamaha kwa mwingine?

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, na watu wa kaskazini mashariki wanaijua kuliko wengi. Tahadhari nayo ina bei. Mwishoni mwa mwaka 2006 homa ya Bonde la Ufa ilizuka katika Garissa na jirani zake, na kabla ya kwisha mwaka 2007 iliua watu zaidi ya 150 nchini Kenya. Serikali ilizuia mwendo wa mifugo, ikafunga masoko yake na kukataza uchinjaji. Ilikuwa lazima, kwa maana wachinjaji na wachungaji ndio waliokuwa wakiguswa na damu ya wanyama wagonjwa. Lakini mfugaji aliyekuwa na ngamia wazima alikaa bila soko, mchuuzi wa nyama akakaa bila kazi, na duka la sukari na unga halikufunga daftari lake la madeni. Tahadhari iliokoa nchi nzima, na sehemu kubwa ya bei yake ililipwa na watu waliokuwa maskini tangu mwanzo. Kwa hiyo mtu asemaye "tuwe waangalifu" bila kusema nani atalipa uangalifu huo hajamaliza sentensi yake. Kufunga kiwanda kwa sababu ya shaka na kuwatupa vibarua njiani ni njia nyingine ya kuwatwika mzigo ule ule, sasa ukiwa umefungwa kwa kamba mpya.

Naona kuwa jibu la haki limo katika kanuni hii: alipe yule ambaye faida ingekuwa yake. Anayetaka kutumia unga mpya alipe kwanza gharama ya kuufanya usiruke. Mambo yenyewe hayana ajabu. Unga ulioloweshwa au ulio ndani ya majimaji hauruki kama unga mkavu. Mashine yaweza kufunikwa, na hewa yake ikavutwa kwa feni yenye chujio. Sakafu hufutwa kwa kitambaa kilicholowana, haifagiliwi. Barakoa nzuri huja mwisho, baada ya hayo yote, kwa ajili ya vumbi lililobaki. Waajiri wengi huanza na barakoa kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kununua, tena aghalabu hununua ile ya kitambaa, ambayo kwa chembe hizi ni kama kuchota maji kwa wavu. Barakoa inaweka ulinzi wote juu ya uso wa mfanyakazi, na akiishusha kidogo kwa sababu ya joto, kosa huitwa lake.

Sheria za Kenya hazikunyamaza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya hali nzuri za kazi, nayo haisemi "kila mfanyakazi wa kudumu". Kibarua wa siku tatu yumo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi amkinge mfanyakazi na vumbi na mivuke, na inamkataza kumwadhibu mtu kwa sababu amelalamika juu ya hatari. Mtu akikuajiri kumimina unga, una haki ya kuuliza ni unga gani, chembe zake ni za ukubwa gani, na maelezo ya mtengenezaji yako wapi. Kuuliza hivyo si ukaidi. Mtangulizi wa malisho huuliza mengi zaidi ya hayo kabla ya kufunga ndala zake.

Hapa ndipo nilipotaka turudi kwake. Kila kizazi kitahitaji watangulizi, kwa kuwa hapana kitu kipya kisicho na mtu wa kwanza kukishika. Tofauti ni kwamba mfanyakazi wa unga mpya hutumwa bila kuambiwa kuwa ametumwa, na hapana mtu anayemngoja arudi na habari. Kungoja habari katika kazi hizi maana yake ni kitu kimoja kilicho kavu na kisichopendeza, nacho ni daftari: jina la mtu, unga alioushika, miezi mingapi, na hali ya mapafu yake alipoingia na alipotoka. Daftari hilo litunzwe miaka mingi kuliko umri wa kiwanda, na nakala yake apewe mwenyewe.

Fikiri habari za kijana aliyetoka Buna akaenda mjini, akafanya kazi miaka sita katika chumba cha kuchanganyia rangi, kisha akarudi kwao kufuga. Miaka 20 baadaye anaanza kukohoa. Mganga wa zahanati atakisikiliza kifua chake na kuagiza makohozi yapimwe, na kwa kuwa kifua kikuu kimo nchini, hilo ndilo atakalolifikiri kwanza, wala hatakuwa amekosea kulifikiri. Ataandika anachokiona. Dawa zikimalizika bila nafuu, atampa barua ya kwenda Wajir, na huko Wajir wataanza upya kumwuliza ana umri gani, ana mifugo, anavuta sigara. Hapana atakayemwuliza juu ya gunia alilokuwa akilifungua kila asubuhi, kwa kuwa katika karatasi zote alizozishika mkononi hapana hata moja inayolitaja.